Hilaro, Mtembeza Marehemu

Hilaro hakumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama miguu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na pazia fupi la sufu lisilofika chini, naye alipenda kukaa nyuma ya pazia hilo, kwenye kigoda, bakuli la dengu za kukaanga mapajani. Nyayo zikipita uchochoroni aliinamisha kichwa kidogo, kisha akataja jina. "Karibu, Kluento." "Mama Veneria, leo goti limekuamkia vibaya." Hakukosea. Uso aliuacha mwisho, na mara nyingine aliusahau kabisa. Mtu aliingia, akala, akasema yaliyomleta, akaondoka, na Hilaro hajainua macho kupita kiuno chake.

Karite, binti yake wa pekee, alipokuwa msichana aliona aibu kwa tabia hiyo.

"Baba, watu wanasema unavitamani viatu vyao."

"Waache waseme. Uso unaweza kuutuma ukaseme uongo. Mguu hautumwi."

Siku hizi Karite mwenyewe ana mvi. Pazia lile lilishaliwa na nondo zamani, na lililofuata pia, lakini kila anapofuma jipya hulikata fupi, na upepo wa baridi hupita chini yake majira yote ya kipupwe. Jirani zake humwambia azibe. Yeye husema ataziba mwaka ujao.

Kazi ya Hilaro ilikuwa kuwatembeza marehemu. Katika Sarvina, mji wao wa mlimani, nyumba kubwa zilikuwa na makabati ukumbini, na ndani ya makabati zilikaa sura za nta: babu, baba wa babu, kila mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuwa hakimu wa mji. Nyumba ikifiwa, makabati yalifunguliwa. Hilaro na wenzake walivaa sura zile na majoho ya vyeo vyake, wakatangulia mbele ya jeneza kutoka nyumbani hadi uwanja wa soko, kisha wakateremka hadi nje ya lango, ambako kuni zilikuwa zimepangwa. Mtu wa nyumba kubwa hakwenda peke yake. Wazee wake walikuja kumchukua, na aliyewaleta alikuwa Hilaro.

Nta yoyote angeweza kuivaa mtu yeyote. Kazi ilikuwa mwendo. Hilaro alirithi miendo kutoka kwa baba yake kama wengine wanavyorithi shamba. Kulikuwa na hakimu aliyekanyaga chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kulikuwa na mwingine aliyetanguliza bega kila alipokata kona, kana kwamba mji mzima ni mlango mwembamba. Wote walikufa kabla Hilaro hajazaliwa, lakini aliwajua, maana baba yake alimfundisha uani kwa fimbo. Wajane waliosimama wakavu mbele ya jeneza walivunjika walipomwona baba mkwe aliyezikwa zamani akikata kona ya soko, bega mbele, vilevile.

Jioni za mazishi alirudi nyumbani paji la uso likinuka nyuki. Karite alimfuta nta kwa mafuta ya zeituni na kitambaa, naye akafumba macho, akasema, "Polepole, bado nina miaka themanini. Ngoja nishuke." Harufu hiyo ya nta iliyopata joto la pumzi, Karite hajaikuta tena mahali popote, ingawa baadaye maisha yake yote yalipita katikati ya nta.

Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo mno. Alichobaki nacho ni mkono wenye unga hadi kwenye kiwiko, na hata huo hana hakika kama ni wa mama au wa mwanamke mwingine. Kwa hiyo alikuwa akimwomba baba yake, kama watoto wengine wanavyoomba hadithi: "Nitembezee mama." Na Hilaro, aliyeweza kukutembezea mji mzima, walio kaburini wote, alitikisa kichwa.

"Huyo sinaye," alisema.

Karite aliomba mpaka akachoka kuomba.

Siku za soko, pasipokuwa na msiba, Hilaro alipanda mbao zilizowekwa juu ya mapipa akachekesha watu. Huko aliwaiga walio hai, na huko kulikuwa na mwiko ambao kila mwigizaji wa Sarvina aliujua. Mwendo wa mtu aliye hai hauchukuliwi sawasawa. Unaugeuza: bega la kulia unalifanya la kushoto, haraka unaifanya taratibu. Ukiuchukua kama ulivyo, unamwita mwenyewe kaburini kabla ya siku zake. Kinyume chake pia kilikuwa mwiko, ingawa hakuna aliyekitaja, kwa sababu hakuna aliyedhani mtu angekitaka: aliye hai asitembee mwendo wa maiti.

Mwaka ambao Petusio aligombea uhakimu, Karite alikuwa na umri wa kuanza kusuka nywele mwenyewe. Nyumba ya akina Petusio ilikuwa na sura moja tu kabatini, ya babu. Baba yake alikufa bila cheo chochote, akamwacha mjane, Bibi Numisia, na kijana huyo mmoja, ambaye utotoni alianguka kutoka kwenye gogo la kukamulia zeituni na tangu hapo aliburuta kisigino cha kushoto. Alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, na alitaka cheo kama mwenye kiu anavyotaka maji. Alizunguka sokoni na joho lililopakwa chaki mpaka likameremeta, kama desturi ya wagombea, akiwashika watu mikono mmoja mmoja.

Hilaro alijifunga shuka lililopakwa unga, akapanda kwenye mbao. Alichechemea huku na huku, unga ukipukutika kila anapoburuta mguu.

"Kura yako, kaka. Na yako, mama. Na ya mbuzi wako pia, kama amefika umri. Hajafika? Basi mnong'oneze, mwakani nitarudi."

Watu walicheka hadi muuza vitunguu, mwanamke mnene aliyeitwa Opia, akalikalia kapu lake mwenyewe. Kisha kicheko kikakatika kuanzia nyuma kuja mbele, maana Petusio alikuwa amesimama katikati yao, chaki yake ikimeremeta.

"Hilaro," alisema, "umenikosea. Mimi naburuta wa kushoto. Wewe umeburuta wa kulia."

"Najua, bwana."

"Kama unajua, mbona umekosea?"

"Wa kushoto ni wako. Mimi nauchukuaje na wewe bado unautumia?"

Petusio akacheka yeye kwanza, na mji ukapata ruhusa ya kucheka tena.

Asubuhi iliyofuata Karite alikuwa uani akiwatupia kuku punje, akaona pazia linasogezwa. Hilaro hakuhitaji kuinama. Kisigino kilikuwa kimeshatangulia kujitambulisha.

"Karibu, Bwana Petusio. Kuna dengu."

"Sikuja kula. Nataka unifundishe kutembea."

"Unatembea, bwana. Umefika hapa."

"Nataka kutembea kama babu."

"Babu yako amekufa."

"Ndiyo maana nauomba. Yeye hauhitaji tena."

Karite alimwona baba yake akigeuza dengu kinywani bila kutafuna. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa fundi, na fundi ukimletea kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya, mkono unamwasha. Aliweka bakuli chini.

"Simama hapo," alisema. "Uzito uweke kwenye nyonga, usiuweke mguuni. Joho lishike hivi, mkono huu, ili watu watazame mkono. Babu yako alitembea kama anayejua chakula kitamsubiri. Usikimbilie chochote. Anza."

Alikuja asubuhi nyingi. Karite aliwatazama akiwa mlangoni mwa jiko, wanaume wawili wakipanda na kushuka ua ule mwembamba, kuku wakiwapisha, baba yake akisema "tena" na "tena". Na mazoezi yalipokwisha Petusio alikaa juu ya jiwe la kusagia, akavua viatu, akaunyosha mguu wa kushoto juani, akala dengu kutoka bakuli moja na Hilaro. Alimwambia Karite mambo ya kipuuzi, kwamba kuku yule mwekundu ana mwendo wa mke wa mtoza ushuru. Alisema, "Hapa tu ndipo mguu wangu unapumzika." Karite akifumba macho leo, ua ule ndio unaomjia kwanza, kabla ya sura ya baba yake: mvuke wa asubuhi kutoka kwenye mawe, viatu vya mtu mkubwa vimekaa upande upande kama vya mtoto.

Mwigizaji mmoja mzee alimwonya Hilaro sokoni. "Unamvika kijana kitu cha maiti. Hicho hakivuliki." Hilaro akamjibu kwamba wivu unamzeesha.

Siku ya kura Petusio alishuka sokoni, na wazee waliomjua babu yake walisimama kwenye ngazi bila kuambiwa. "Mzee amerudi," alisema mmoja, na machozi yakamtoka kweli. Kisigino hakikusikika. Petusio alishinda, na Sextilio, aliyekuwa akishindana naye, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kukawa na karamu uwanjani, nguruwe waliojazwa tini, divai ya kumwaga. Petusio akatengeneza chemchemi ya mji iliyokuwa imekauka, jina lake likachongwa kwenye jiwe. Wakamchukua sura ya nta, ikawekwa kabatini karibu na ya babu. Wakati huo hata Hilaro alivimba kidogo. Alikuwa akipita karibu na chemchemi bila sababu.

Lakini Sarvina ni mji mdogo, na mwendo ule ukishauzoea unataka barabara ndefu. Petusio akaanza safari za Roma. Akajiambatanisha na mkubwa mmoja wa huko, mtu aliyesemekana kwamba Kaisari hali bila yeye kuonja kwanza. Akarudi akasimamisha sanamu ya mkubwa huyo langoni mwa mji, ya shaba, na kando yake ya kwake mwenyewe. Sanamu zililingana urefu. Watu wazima waliopita hapo walitazama chini.

"Aliye juu mngoje chini," alisema Opia, akikata majani ya vitunguu.

"Wewe umengoja nini chini maisha yako yote?" Hilaro alimuuliza.

"Mikia ya vitunguu. Nayo inaanguka kila siku."

Petusio hakuja tena uani. Siku moja, akiwa amerudi kwa sherehe za mavuno, nyayo zilipita uchochoroni, taratibu, nzito, zikifuatwa na nyingine nyingi. Hilaro aliinamisha kichwa. Akangoja. Kisha akasema jambo ambalo Karite hakuwahi kulisikia kwake kabla wala baada ya hapo.

"Simjui huyo."

Karite alifunua pazia. Alikuwa Petusio na watu wake.

Hilaro akaambiwa. Alimwagia kuku dengu zote zilizobaki, akaingia ndani.

Habari zilikuja na mpanda farasi, wakati zeituni zinapigwa. Mkubwa wa Roma ameanguka. Asubuhi alikuwa anaonja chakula cha Kaisari, jioni watoto walikuwa wanavuta maiti yake kwa kulabu. Sarvina iliamka ikiwa na hofu, na mji wenye hofu una nguvu nyingi. Watu walewale waliokula nguruwe na tini walifunga kamba shingoni mwa sanamu, wakaleta ng'ombe wa kuvuta. Petusio alikuwa Roma, na huko alibaki. Wengine walisema alinyongwa gerezani, wengine kwamba alijikata mishipa katika maji ya moto. Mwili haukuja. Sextilio alikuwa sasa hakimu, na ndiye aliyesimama barazani kusema la kufanywa. Jina lilitolewa kwenye jiwe la chemchemi kwa patasi. Sura yake ya nta ililetwa uwanjani ikayeyushwa kwenye sufuria, mbele ya watu. Ikapigwa marufuku: katika mazishi yoyote ya Sarvina, mtu huyo asionekane, na jina lake lisitamkwe.

Karite alisimama karibu na baba yake wakati nta inayeyuka. Pua ilianguka kwanza. Hilaro alitazama miguu ya watu.

Bibi Numisia alifunga mlango wake, akaishi humo ndani miaka mingi kama taa iliyofunikwa. Karite alikua, akaolewa, mumewe akafa kwa homa, akarudi kwa baba yake. Alikuwa tayari mshika nta wa waigizaji, anayezilainisha sura na kuzifunga, siku Bibi Numisia alipotuma watu kumwita Hilaro. Wakaenda wote wawili.

Alikuwa amelala karibu na dirisha, mdogo kama mtoto.

"Hilaro. Umezeeka."

"Na wewe, bibi. Ila mimi nilitangulia kuanza."

"Nikifa watamtoa babu yao kabatini?"

"Watamtoa. Nitamleta mwenyewe."

"Mpe mwingine amlete. Mzee yule sikumpenda hata alipokuwa anakula kwangu." Akapumzika. "Mimi namtaka mwanangu."

Karite alisikia mtumishi akiacha kufagia.

"Bibi, sura yake waliiyeyusha," alisema Hilaro.

"Lini nilihitaji sura nimjue mwanangu? Nilikuwa jikoni, nimegeuka mgongo, namsikia anaingia." Kidole chake kikakwaruza shuka, kwaru, kwaru, kwa kipimo kilekile. "Na simtaki yule hakimu. Yule ulimtengeneza wewe, mkampeleka mlikompeleka. Namtaka huyu wangu. Aje anichukue."

Hilaro aliinama akagusa miguu ya mama yule chini ya blanketi, kama mtu anayeaga. Hakuahidi kitu.

Njiani Karite alisema yote kwa pumzi moja. "Hutafanya, baba. Wewe si mwenye shamba. Mgongo wa mwigizaji ni wa hakimu kuuchapa. Sextilio atakuvua nguo uwanjani akuchape mbele ya wateja wako. Na kama hatakuchapa, atakunyang'anya kazi. Tutakula nini?"

"Dengu."

"Sikutanii."

"Wala mimi. Karite, mwanamke yule hana mtu wa kuja kumchukua. Mji mzima huu nimewaletea watu wao."

"Ni marufuku."

"Najua ni marufuku. Niliwapo."

Bibi Numisia alikufa wakati wa majani mapya. Kluento, msimamizi wa mazishi, aliyekuwa na kauli ya kununa hata akipongeza, alikuja kupanga kazi huku amesimama.

"Babu mmoja, wapiga zumari, waliaji, basi. Na nikujulishe mapema, mzee: mguu wako wa kushoto ukifanya ujanja wowote, mimi na wewe hatujawahi kuonana."

"Una bahati. Mimi nilitamani tusingeonana tangu mwanzo."

"Hilaro, nakuomba."

"Nimekusikia, mwanangu."

Sura ya babu alimpa mwigizaji kijana, akamfunga kamba mwenyewe nyuma ya kisogo. Yeye alivaa kanzu yake ya kila siku. Kati ya babu na jeneza palikuwa na nafasi, pale ambapo marehemu mwenye mwana aliyekuwa na cheo angekuwa na mwanawe. Hilaro aliingia katika nafasi hiyo bila sura, bila joho, kichwa wazi na upara wake. Karite alifuata kando na chupa ya mafuta. Zumari zikaanza.

Alitembea mwendo wake mwenyewe. Walipita mitaa ya juu, wakapita duka la mtengeneza viatu, na Karite akaanza kupumua. Amebadili nia, alifikiri. Ameamua kumsindikiza tu. Alimshukuru kila mungu aliyemkumbuka.

Walipofika kwenye chemchemi, alisikia. Ilianza masikioni kabla ya machoni: kisigino juu ya mawe, kwaru, kikaachwa nyuma kidogo, kikaletwa. Baba yake alikuwa amepungua miaka. Bega lilikuwa limelegea kwa ile namna ya mtu anayejua kwamba ana sura nzuri na anaomba radhi kwa mguu. Siyo hakimu. Ni kijana aliyetoka kiwanda cha zeituni, ana njaa, anaingia jikoni kwa mama yake.

Mpiga zumari mmoja akapotea, mwingine akaacha. Uwanja ulikuwa umejaa, maana ilikuwa siku ya soko. Karite alikumbuka unga na kicheko, akaogopa kicheko kuliko alivyoogopa fimbo. Hakuna aliyecheka. Opia, aliyekuwa sasa mkongwe, aliweka kisu chake chini.

"Wa kushoto," alisema.

Hakusema kwa sauti, lakini neno hilo lilipita kutoka mtu hadi mtu, wa kushoto, wa kushoto, na watu wakavua kofia, wakasogea nyuma kuacha njia. Wengi wao walikuwa wameshika kamba siku ile ya sanamu. Karite aliwaona wakilia, wazee kwa vijana, akadhani hawamlilii Petusio peke yake. Walikuwa wanalilia mwaka ule wa chaki, walipokuwa na meno, na maji yalipotoka kwa mara ya kwanza kwenye chemchemi na kila mtu akalowa.

Sextilio alisimama juu ya ngazi za baraza.

"Nani huyo?"

Jeneza likasimama.

"Nimeuliza. Nani anayetembea pale?"

"Hilaro, bwana," alisema Opia. "Si unamwona?"

"Namwona. Anatembea kama nani?"

Kuku wa mtu alilia ndani ya tenga.

"Mama, nakuuliza wewe. Anatembea kama nani?"

"Mimi nauza vitunguu, bwana. Kama bwana anamjua, bwana atutajie."

Sextilio alifungua kinywa. Jina lilikuwa pale, watu wote waliliona ulimini mwake, na palikuwa na jeneza, na marufuku ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akafunga kinywa. Hilaro hakuwa amegeuka hata mara moja. Alingoja kidogo, kama mwana anayemngoja mama yake afunge mlango, kisha kisigino kikaanza tena, na jeneza likamfuata kuteremka langoni.

Hakuchapwa. Lakini kabla kanzu yake iliyofuliwa baada ya mazishi haijakauka, Kluento alikuja, na safari hii alikaa.

"Amesema nikikutumia tena ananifungia," alisema, akitazama sakafu. "Si wewe tu. Na binti."

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe."

"Mzee wangu, ulikuwa... Mimi nimezika watu wengi." Hilaro akamsogezea bakuli.

Basi wakaishi kwa mishumaa. Karite alijua nta, akaimimina kwenye tambi, akauza mlangoni. Mazishi ya Sarvina yakaendelea na waigizaji vijana, sura zilezile, lakini wote walitembea mwendo mmoja. Hilaro aliwasikiliza wakipita nyuma ya pazia, akasema, "Wanatembea kama Kluento anayekwenda kudai." Na watu wakaanza kuja uani, mmoja mmoja, wengine wakiwa wameficha yai au kipande cha jibini chini ya shuka. Hawakuja kununua mishumaa. "Mzee, nioneshe baba yangu," walisema. "Nimeanza kumsahau." Hilaro aliamka kwenye kigoda, magoti yakilalamika, akapanda na kushuka ua mara moja. Wakafuta macho, wakaondoka. Karite alikuwa akiyatazama hayo kutoka mlangoni mwa jiko, palepale alipokuwa akisimama akiwa msichana, na mara nyingine moyo ulimchoma kwa choyo. Kila mtu alikuja akapewa wa kwake.

Kipupwe cha mwisho macho ya Hilaro yaliingia ukungu, kitanda chake kikahamishwa karibu na mlango ili asikie uchochoro. Asubuhi moja yenye baridi Karite alimnywesha uji wa shayiri, akamfuta kinywa, na neno likamtoka bila kulipanga.

"Baba, umewatembeza wote. Mama hukunitembezea hata mara moja."

"Nilikwambia sinaye."

"Uliishi naye."

"Niliishi naye. Lakini mwendo wake una mtu anautumia."

Karite hakuelewa, au alielewa na hakuthubutu. Alichukua mtungi, akauweka begani, akasogeza pazia. Aliporudi kutoka kwenye chemchemi hakukuwa na wa kujibu salamu. Lakini wakati wa kutoka, kabla hajavuka kizingiti, baba yake alikuwa amegeuza kichwa juu ya mto, akakiinamisha kidogo kuelekea sakafuni, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Nenda polepole, mwanangu," alisema. "Kila ukienda kuchota maji, mimi humwona mama yako."